Slaidi Moja, Majibu Mawili: Kwa Nini Utafiti Unahitaji Itifaki

Mtoto ameletwa kliniki, ana homa. Mtaalamu wa maabara anamtoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye slaidi, analipaka rangi, kisha anainamia hadubini. Anahesabu vimelea vya malaria na chembe nyeupe za damu kwa pamoja. Anapofikisha chembe nyeupe 200, ameshaona vimelea 140.

Mikrolita moja ya damu hiyo ina vimelea vingapi? Tukichukulia kwamba ina chembe nyeupe 8,000, makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), jibu ni 5,600. Maabara nyingine ikiamua kutumia 6,000, jibu ni 4,200. Damu ni ileile na aliyehesabu ni yuleyule. Lakini kama utafiti umeweka sharti kwamba mgonjwa wa malaria ni yule aliyezidi vimelea 5,000, maabara ya kwanza itamwandika mtoto huyu kuwa mgonjwa na ya pili itamwacha nje.

Hapo ndipo inapoingia itifaki: maandishi yanayoeleza, kabla kazi haijaanza, nini kitapimwa, kitapimwaje, na matokeo yatahesabiwaje. Wengi huiona kama karatasi za urasimu. Mimi naamini ndiyo inayoipa namba ya kitaalamu thamani yake, kwa sababu bila kujua namba imepatikanaje, huwezi kuilinganisha na nyingine wala kuijumlisha nayo.

Tuiangalie slaidi yenyewe. Damu hupakwa kwa namna mbili: tone nene la kutafutia vimelea, na utando mwembamba wa kutambulia aina yake. Utando mwembamba hukazwa kwa methanoli, lakini tone nene haliguswi na methanoli hata kidogo. Likiguswa, chembe nyekundu hazitapasuka zinapokutana na maji ya rangi, na vimelea vitabaki vimejificha chini ya tabaka la damu. Rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa, huchanganywa na maji yenye pH ya 7.2. Pasipo kiwango hicho, kiini chekundu cha kimelea na mwili wake wa buluu havijitokezi vizuri. Mchanganyiko wa asilimia 10 huhitaji kama dakika 10, na wa asilimia 3 huhitaji kama dakika 45. Katika utafiti makini slaidi husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake. Wakipishana kupita kiasi kilichowekwa, huitwa msomaji wa tatu.

Kila kipengele hapo kina sababu yake. Kikirukwa kimoja, vimelea vilivyomo vinaweza kuonekana havimo.

Sasa fikiria kazi hiyo ikifanyika katika nchi saba kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake kubwa lilianza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459 katika vituo 11 barani Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya nchini Kenya. Katika maeneo mengi yenye malaria, mtoto anaweza kuwa na vimelea vichache mwilini huku homa yake imeletwa na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo fasili kuu ya mgonjwa iliandikwa mapema: joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, pamoja na vimelea zaidi ya 5,000 kwa mikrolita.

Haba na haba hujaza kibaba, ila kwa sharti kwamba wote wanapima kwa kibaba kimoja. Kwa kuwa mtoto wa Korogwe na wa Kilifi walipimwa kwa fasili moja, matokeo yao yaliweza kuwekwa pamoja. Yalionyesha kwamba kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36 katika kipindi cha karibu miaka minne. Oktoba 2021, WHO ilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye maambukizi ya wastani na makubwa.

Kuandikwa mapema kwa fasili hiyo kuna faida nyingine. Mtafiti aliyeachiwa uhuru wa kuchagua kiwango baada ya kuona matokeo anaweza kuvutwa na kile kinachoipendelea dawa yake, hata kama hana nia mbaya. Itifaki iliyosajiliwa kabla humlinda yeye, na hutulinda sisi.

Hata hivyo, itifaki haigeuzi makadirio kuwa ukweli. Zile chembe nyeupe 8,000 ni makubaliano tu, kwani idadi halisi hutofautiana kati ya mtu na mtu. Wote wakitumia kadirio lenye kasoro, watakosea kwa pamoja. Maabara yenye mashine inaweza kutumia idadi halisi ya kila mgonjwa, mradi iseme hivyo tangu mwanzo na ifanye hivyo kwa wote. Itifaki nzuri hurekebishwa ushahidi unapobadilika, na kila ukiukaji wake huandikwa wazi badala ya kufichwa.

Kwa hiyo, ukisikia kwamba dawa fulani imepunguza ugonjwa kwa asilimia kadhaa, uliza: mgonjwa alitambuliwa kwa kigezo gani? Nani alihesabu, na nani alihakiki? Kigezo kiliandikwa lini? Nao wanaofadhili utafiti wasione kwamba fedha za kuwanoa wasomaji wa slaidi, kununua kemikali bora na kumlipa msomaji wa pili ni gharama za pembeni. Hizo ndizo zinazomwezesha mtafiti wa Bagamoyo kuamini namba iliyotoka Siaya bila kuwahi kukutana na aliyeihesabu.