Je, Wajua? Nyuzi 12 za Freddie, Uzi Mmoja wa Karagwe

Je, wajua kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara? Unajua. Kila aliyepita Mji Mkongwe ameoneshwa nyumba. Basi tuache nyumba, tumtazame mikononi.

Je, wajua kwamba huyu bwana wa piano hakuwa mpiga gita hodari, na mwenyewe alilikiri hilo bila haya? Wimbo Crazy Little Thing Called Love wa mwaka 1979 aliutunga akiwa ndani ya beseni la kuogea, hotelini mjini Munich, kwa dakika chache. Alijua mikao michache tu ya vidole kwenye gita, akasema ndiyo iliyomsaidia: asiye na njia nyingi hapotei. Mwaka uliofuata wimbo ukashika namba moja Marekani.

Na jukwaani je? Alianza kuupiga kwa gita la Ovation lenye nyuzi 12. Baadaye akahamia Fender Telecaster ya nyuzi sita, ndiyo aliyoivaa uwanja wa Wembley tarehe 13 Julai 1985, siku ya tamasha la Live Aid, mbele ya watu 72,000. Nyuzi 12 kwa mtu wa mikao michache! Huku kwetu magharibi ya Kagera kuna watu waliozunguka upande wa pili kabisa.

Je, wajua kwamba enanga, ala ya Wahaya na Wanyambo, ina uzi mmoja? Ukiitazama utabisha, maana utahesabu saba au nane. Fuata kwa kidole. Enanga huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, kikafukuliwa mpaka kikawa kama sinia refu au mtumbwi wa mtoto. Ncha zote mbili zina pengo-pengo kama meno. Uzi hufungwa ncha moja, ukavutwa hadi ya pili, ukapita kwenye pengo, ukarudi, ukaenda tena, hadi sinia lijae. Zamani ulikuwa kano ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni. Kila mpito una mvuto wake, na kila mvuto una sauti yake. Kwa hiyo mpigaji anayerekebisha mpito mmoja hana budi kuwaangalia majirani wake, kwa sababu wote ni uzi uleule. Mwenye gita hana shida hiyo. Kila waya una ufunguo wake wa kukazia. Mimi nilipoelewa jambo hili niliacha kuwaona wazee wa enanga kama wapigaji tu. Ni mafundi wa hesabu.

Je, wajua nani aliiandika enanga ya Karagwe kwa Kiingereza zamani zile? James Grant, msafiri mwenzake John Hanning Speke. Walitoka Zanzibar mwaka 1860, wakafika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861. Speke aliendelea kwenda Buganda Januari 1862, Grant akabaki hadi Aprili, mguu umemshika. Mgonjwa ana muda wa kusikiliza. Mnanaji, ndugu wa mfalme, akamletea mpigaji aliyemwona bora. Yule bwana, kwa masimulizi ya Grant, aliingia bila hodi, akaegemeza mkuki wake kwenye paa la kibanda, akaitoa enanga kwapani, akaanza kupiga. Nimewaona wanamuziki wengi wakiingia jukwaani kwa moshi na taa. Hakuna aliyenishawishi kama huyu wa mkuki.

Je, wajua kwamba Pwani neno hilihili lingekupeleka baharini? Nanga ya Waswahili, yenye asili ya Kiajemi, huzamishwa majini ishike chombo. Enanga yetu haina uhusiano nayo. Vuka Mto Kagera hadi Buganda, ennanga ni kinubi cha ikulu chenye nyuzi nane na shingo iliyopinda. Geukia Rwanda na Burundi, inanga ni sinia lilelile la kwetu.

Burundi wamelifanyia ajabu nyingine: mwimbaji hunong'ona. Mnong'ono hauna tuni, lakini uzi unapopita chini yake sikio lako hulazimika kuamini kwamba mtu anaimba. Usibishe kabla hujasikia.

Je, wajua kwamba enanga iliwahi kuzaa shahada ya uzamivu? Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliikamilisha mwaka 1986, akichunguza tendi zinazosimuliwa kwa enanga na Wahaya, kama Rukiza na Kachwenyanja. Kilikuwa kipindi ambacho wapo wataalamu wa nje waliodai kwamba Afrika haina tendi. Waliokuwa wakikesha na rubisi na mpigaji Kagera hawakuwa na swali hilo.

Je, wajua kwamba gita maarufu kuliko yote ndani ya Queen nalo lilichongwa nyumbani? Brian May na baba yake walianza kulitengeneza mwaka 1963. Shingo ni mbao ya fremu ya meko kuukuu, na baadhi ya springi ni za pikipiki. May hulikwaruza kwa sarafu ya zamani ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Fundi wa enanga wa Bweranyange, Karagwe, angemwelewa bila mkalimani: unachukua mti ulio karibu.

Je, wajua Wilaya ya Kyerwa inaingiaje kwenye habari hizi za gita? Wilaya hii ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ikabeba kahawa yake, migomba yake, mpaka wa Murongo na jambo moja ambalo Karagwe ya leo inalionea wivu: bati. Limechimbwa huko tangu enzi za mkoloni, na mpaka leo wapo wanaolitafuta kwa sururu na karai. Sasa chukua gita lolote la umeme, iwe Telecaster au lile la bendi ya harusi pale Kayanga, Karagwe, na ufungue kifuniko chake. Utaona nyaya nyembamba kama unywele zikiungana kwa matone ya kijivu yanayong'aa. Hiyo ni lehemu, na lehemu hiyo ina bati. Pasipo tone hilo, nyuzi zitatikisika, vidole vitacheza, na spika itanyamaza kimya.