Jina Lisiloitikiwa

Mwalimu aitapo majina asubuhi, lipo jina lisiloitikiwa. Siku ya kwanza watoto husema, "Anaumwa." Juma la pili, "Anauza karanga mnadani." Baada ya mwezi hakuna aulizaye tena.

Sisi twajibu upesi, "Mtoto mvivu." Tutazame vizuri. Hapa Tanzania ada katika shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2002, na katika sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita. Ni jambo la kushukuru. Lakini ada si gharama yote. Ipo sare, vipo viatu, yapo madaftari, na chakula cha mchana.

Umaskini haumtoi mtoto shuleni kwa siku moja. Sare imechanika, naye aona haya. Mchana ana njaa, hasikii lisemwalo. Msimu wa palizi abaki shambani. Akirudi, wenzake wamekwisha kwenda mbali katika hesabu. Hapo ajiona mjinga, aanza kujificha njiani. Baba aonapo hasomi, ampa ng'ombe achunge. Binti naye apelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani. Si kwamba wazazi hawawapendi. Njaa ni ya leo, na faida ya shule ni ya miaka ijayo.

Lakini mtoto huyo akikua, atasomaje mizani ya mnunuzi wa pamba? Atatiaje sahihi karatasi asiyoielewa? Umaskini uliomtoa shuleni utamngoja shambani, na kesho utawangoja wanawe.

Basi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ya mavuno, kabla ya pombe na sherehe, tenga gunia moja liwe la sare na madaftari. Kazi za shamba ziwe za Jumamosi na baada ya masomo. Mtoto akikosa siku tatu, nenda kwa mwalimu, usingoje kuitwa. Sare iliyombana mwanao, mpe jirani. Na binti aliyejifungua asihesabiwe amekwisha: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi masomoni. Bibi ampokee mjukuu, mama yake ashike kalamu.

Ndugu msomaji, leo jioni mwulize mwanao kama ana daftari la kesho. Kuacha shule huanzia hapo.