Njia ya Wote: Matembezi ya Mapumziko katika Nchi ya Peak, Uingereza

Wasikilizaji wetu, huenda baadhi yenu mtacheka mkisikia kwamba wako watu waendao kwa miguu kutwa nzima, wakipanda na kushuka vilima, na hali hawamtafuti ng'ombe aliyepotea wala hawaendi sokoni. Jioni hurudi mikono mitupu, viatu vimejaa matope, nao hufurahi sana. Sisi tumezoea kupanda mlima kwa haja. Basi leo twataka kueleza haja ya watu hao, na jinsi wengine walivyofungwa gerezani kwa ajili yake.

Katikati ya Uingereza, baina ya mji wa Manchester na mji wa Sheffield, iko nchi ya vilima iitwayo Peak District. Mabondeni mna majani mabichi, kondoo, na kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa. Juu ni nyika pana yenye upepo na udongo mweusi wa majimaji unaoshika mguu. Mwezi wa Agosti vichaka vyake vifupi hutoa maua ya zambarau, na nyika yote hugeuka rangi. Mahali palipo juu kupita pote ni Kinder Scout, futi 2,087. Kwa mtu wa Kilimanjaro hicho ni kilima tu.

Sasa fikirini hali ya watu wa miji ile miwili miaka mia iliyopita. Manchester ilikuwa na viwanda vya pamba, na Sheffield vya chuma. Mtu alifanya kazi juma zima katika kelele na moshi. Jumapili alipanda gari la moshi, akashuka mabondeni, akavuta hewa safi. Kwa maskini hakuna mapumziko yaliyokuwa rahisi kuliko hayo, maana miguu haikodishwi.

Lakini sehemu kubwa ya nyika ya juu ilifungwa. Ilikuwa mali ya matajiri, nao waliitunza kwa ajili ya kuwinda ndege wafananao na kwale, ambao msimu wao huanza tarehe 12 Agosti. Walinzi waliwekwa kuwafukuza wapitao, wasije wakawatisha ndege. Hivyo nchi ikakaa tupu karibu mwaka mzima, na maelfu ya watu wakiitazama kwa mbali.

Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walikusanyika karibu na kijiji cha Hayfield, wakapanda Kinder Scout bila ruhusa. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20 kutoka Manchester. Walinzi walijaribu kuwazuia, pakawa na mapigano madogo, na mlinzi mmoja akaumia. Vijana watano walihukumiwa kifungo cha miezi miwili hata sita; Rothman alipata minne. Hata wengine ambao hawakuipenda njia yao waliona kwamba adhabu hiyo ilizidi kosa.

Haki haikuja mara moja. Mwaka 1949 Bunge lilitunga sheria ya hifadhi za taifa na ya kuingia mashambani, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya Uingereza. Mwaka 2000 sheria nyingine iliwapa watu wote haki ya kutembea kwa miguu katika nyika na milima iliyoonyeshwa katika ramani. Tena, njia iliyopitwa na watu waziwazi kwa miaka 20 pasipo kuzuiwa yaweza kuhesabiwa kuwa njia ya wote, ijapokuwa yakata shamba la mtu. Mwaka 2002 mjukuu wa bwana aliyekuwa mwenye Kinder Scout siku zile alisimama mbele ya watu, akaomba radhi kwa kosa la jamaa yake.

Jambo moja lafaa kuangaliwa. Katika hifadhi ile wakulima hawakuhamishwa. Wanaishi na kuchunga kondoo wao mpaka leo. Mwaka huo huo wa 1951 Serengeti nayo ilifanywa hifadhi, lakini mwaka 1959 Wamasai waliokaa humo walihamishiwa Ngorongoro. Jina la hifadhi ni moja, bali desturi zake ni mbili.

Kwa kuwa nchi ile ina wenyewe, mgeni ana wajibu wake. Lango alilolikuta limefungwa hulifunga nyuma yake, kondoo wasitoke. Mbwa humfunga kamba wakati wa kuzaa kwa kondoo. Hawashi moto nyikani, maana udongo ule ukikauka huwaka chini kwa chini siku nyingi. Tena huchukua ramani, dira na nguo ya mvua, kwani ukungu hushuka ghafula, na mtu aliyeona maili kumi asubuhi, adhuhuri haoni hatua kumi.

Basi, wasikilizaji, mkiona njia nyembamba ipitayo kando ya shamba, msiidharau. Njia hukaa wazi kwa kupitwa, na hudumu ikiwa wapitao wanamheshimu mwenye shamba, naye awaheshimu wapitao. Kwaherini.