Nani Kagusa Betri?

Kama kuna usiku ambao nilitamani kurudi Sinza kwa miguu, ni ule wa pili wa safari yetu ya Grand Canyon, Oktoba 2022. Giza totoro, baridi inakaribia nyuzi sifuri, mimi nimevaa soksi jozi tatu, na mume wangu amesimama katikati ya trela akibonyeza swichi ileile kwa mara ya kumi. Kimya. Hakuna taa, hakuna pampu ya maji, hakuna hita.

"Itakuwa betri imekufa," akasema.

Sauti yake niliijua. Ile sauti ya mtu ambaye kuna kitu hasemi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, mpenzi msomaji. Tulikuwa tunasherehekea miaka mitano ya ndoa. Imani alibaki Dar kwa bibi yake, sisi tukaenda kumtembelea kaka yangu anayeishi Phoenix, jimbo la Arizona. Kaka ana trela la kulala, yale ya kuvutwa na gari, yenye kitanda, jiko la gesi, friji na choo, vyote vimebanwa ndani ya futi 20. "Chukueni mkapumzike," akatuambia. "Shemeji, betri iko gereji, wewe uifunge tu." Halafu huyo, akaenda zamu yake ya usiku.

Baba Imani akaifunga. Mimi nilikuwa ndani napanga nguo, nikasikia "tah!" kule mbele. Nikauliza kuna nini. "Hakuna kitu, mke wangu." Na kweli, taa zote ziliwaka, pampu ikanguruma, nikaendelea na masanduku yangu.

Hapo ndipo kosa lilipojificha, ila ili ulielewe inabidi ujue jambo moja kuhusu matrela haya. Yana umeme wa aina mbili. Kuna umeme mkubwa wa volti 120, ambao ndio umeme wa majumbani Marekani (sisi kwetu ni 230). Huo unaingia kwa waya mnene unaochomekwa nje, na unaendesha kiyoyozi, maikrowevu na soketi za ukutani. Halafu kuna umeme mdogo wa volti 12, kama wa gari. Huo ndio unaowasha taa, pampu ya maji, feni ya hita na kengele ya kuvuja kwa gesi. Katikati yao kuna kifaa kinaitwa konvata. Ukichomeka trela nje, konvata inabadilisha umeme mkubwa kuwa mdogo, inawasha taa zako na wakati huohuo inachaji betri. Ukichomoa, betri inachukua kazi.

Kwa hiyo trela likiwa limechomekwa, betri inaweza kuwa haijaungwa kabisa na usijue.

Usiku wa kwanza tulilala Williams, mji mdogo njiani, kwenye kambi ya kulipia yenye umeme kila kiwanja. Maisha bomba. Kaka alikuwa ametupa kipimo kidogo cha kuchomeka kwanza kwenye nguzo ya umeme kabla ya trela, kuangalia kama waya za nguzo zimekaa sawa. Alisisitiza: mkigusa bati au kitasa cha mlango mkahisi kusisimkwa, hata kidogo, msiguse tena, zimeni swichi ya nguzo, chomoeni. Maana yake waya wa ethi una kasoro na bodi lote la trela lina umeme.

Asubuhi yake umeme wa bafuni na jikoni ulikatika ghafla. Nilimwambia mume wangu, "Umeme wa hawa watu nao mbovu." Akafungua kisanduku, akarudisha breka iliyokuwa imeruka, mambo yakaisha. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kesho yake tukaingia Mather, kambi ya ndani ya hifadhi, ukingo wa kusini wa Grand Canyon, kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mather haina umeme wa kuchomeka. Ndiyo raha yake: misonobari, nyota, ukimya. Tuliporudi kutazama jua likizama, nikabonyeza swichi. Giza.

Sasa sikia wazo la mume wangu. Eti tuwashe mafiga yote ya jiko la gesi tupate joto, tulale. Jamani! Sisi watu wa Dar tumesoma mara ngapi habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani? Gesi ikiwaka chumbani bila hewa inatoa hewa ya sumu ileile. Na kengele ya gesi yenyewe ilikuwa imezima, maana nayo inakula volti 12. Nikamwambia kama jiko linawashwa, mimi nalala kwenye gari.

Nikavaa koti, nikaenda kugonga kwa majirani.

Walikuwa wazee wawili, mtu na mkewe, wenye trela kubwa kuliko letu. Mzee aliponisikia akamwita mkewe. Mama yule akatoka na tochi ya kichwani na multimita mkononi, kama fundi wa Gerezani kabisa. Hakukimbilia kufungua kitu. Aliuliza maswali. Taa za nyuma za trela ziliwaka mkiwa barabarani? Ziliwaka. Akasema hizo zinalishwa na gari, hazituambii kitu. Ile jeki ya umeme ya mbele, ya kunyanyulia trela, imefanya kazi mlipofika? Imefanya. Akatabasamu. "Basi betri yenu ni nzima."

Jeki ile, alieleza, imeungwa moja kwa moja kwenye betri. Akapima betri: volti 12.6, imejaa. Akaingia ndani, akapima pale waya wa betri unapofika kwenye konvata: 12.6 vilevile. Akapima upande wa pili wa fyuzi mbili kubwa za ampea 30 zilizokaa pembeni ya nyingine: sifuri. Umeme unafika mlangoni, hauingii.

Akamgeukia mume wangu, kwa upole tu, akauliza: "Nani aligusa betri mara ya mwisho?"

Baba Imani akatazama viatu vyake.

Zile fyuzi mbili zina kazi moja: kukatika mtu akifunga betri kinyume, ili konvata isiungue. Na mume wangu alikuwa ameifunga kinyume. Hakuwa mzembe, namtetea hapo. Amekulia kwenye gereji ya mjomba wake, na kwenye gari waya mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi. Kwenye trela la Marekani mara nyingi hakuna mwekundu. Kuna mweusi na mweupe, na wanafuata desturi ya waya za nyumba zao, yaani mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio hasi. Mama yule alisema kosa hilo ameliona mara nyingi mno. Ile "tah!" niliyoisikia ilikuwa cheche. Akabadilisha waya haraka, akaona taa zinawaka, akanyamaza. Taa zilikuwa zinawaka kwa umeme wa nyumba ya kaka.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Ningesemaje? Trela la shemeji. Siku ya kwanza tu nimeshaharibu?"

Mama alichomoa waya wa hasi kwenye betri, akatoa fyuzi. Kweli, kile kibati cha ndani kilikuwa kimekatika. Mume wangu akauliza kama tunaweza kuzungushia waya mdogo mpaka asubuhi, ule ufundi wetu wa mtaani. Mama akamwangalia kama amemtukana. Fyuzi ya 30 inabadilishwa kwa 30, si kubwa zaidi, si waya, si karatasi ya sigara, kwa sababu kitakachoungua badala yake ni waya zilizo ndani ya kuta za mbao mnazolalia. Alikuwa na kopo zima la fyuzi. Akatupa mbili, akakataa hela.

Hita ilipoanza kuvuma nilikaribia kulia.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Tulilala kila mtu na ukuta wake. Kama saa nane usiku nikamwamsha, maana na mimi lilikuwa linanikera. Ile asubuhi ya Williams, umeme haukuwa mbovu. Niliwasha draya ya nywele ya wati 1875 wakati hita ndogo ya wati 1500 inawaka, zote kwenye laini moja ya ampea 15, ambayo mwisho wake ni wati 1800. Breka iliporuka nikaficha draya kwenye sanduku. Alicheka mpaka trela likatikisika.

Asubuhi alimpigia kaka mwenyewe, nikiwa nimekaa pembeni. Kaka akasikiliza, halafu akauliza kama tumepata fyuzi za akiba, maana zake alizimaliza mwaka wa kwanza alivyonunua trela. Hakusema zaidi, na hatukumuuliza.

Tuliporudi Phoenix, Baba Imani alizungushia utepe mwekundu kwenye waya mweusi wa betri. Halafu akachomoa umeme wa nyumba, akaingia ndani, akawasha taa zote, akakaa nazo dakika kumi. Ndivyo angefanya kabla hatujaondoka, kama angekuwa hana cha kuficha.