Kudai mafao Marekani: mwenye fao kubwa asiamue peke yake

Siku mmoja wa wanandoa anapofariki nchini Marekani, nyumba iliyokuwa ikipokea mafao mawili ya Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa huko, hubaki na moja. Lile dogo hukoma, lile kubwa huendelea. Kodi ya nyumba haipungui nusu, wala gharama ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Kwa hiyo swali la lini kudai mafao, ambalo wanaume wengi hulijibu wenyewe tu, linamhusu zaidi yule atakayebaki.

Swali hilo sasa limewafikia ndugu zetu wengi. Watanzania, Wakenya na Wakongo waliofika huko miaka ya 1990, wengine kwa bahati nasibu ya grini kadi, wanaingia uzeeni. Wamehudumia wagonjwa zamu za usiku, wamelea wazee wa watu, wameendesha malori kutoka jimbo hadi jimbo, na kila mshahara ulikatwa mchango wa mfuko huu, kwa kawaida asilimia 6.2. Wakikutana harusini au msibani wanaulizana: uchukue sasa au usubiri?

Kwa aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye, umri kamili wa kustaafu ni miaka 67. Anaweza kudai tangu akiwa na miaka 62, lakini atalipwa asilimia 70 tu ya fao lake kamili, na punguzo hilo ni la maisha. Akisubiri kupita 67, huongezewa asilimia 8 kwa kila mwaka hadi afikishe 70. Baada ya hapo nyongeza hukoma.

Tuchukue mume ambaye fao lake kamili ni dola 2,400 kwa mwezi. Akidai akiwa na miaka 62 atapata 1,680. Akisubiri hadi 70 atapata 2,976. Mkewe, aliyekaa nyumbani miaka mingi akilea watoto, ana fao lake la dola 800 akifika 67. Sheria humruhusu mwenzi kupata hadi nusu ya fao kamili la mwenzake. Nusu ya 2,400 ni 1,200, kwa hiyo mke huyu atalipwa 800 zake na kuongezewa 400. Hata asingekuwa na kipato chake kabisa, angestahili ile 1,200. Lakini nyongeza hiyo haianzi mpaka mume awe amedai lake, na haikui tena mke akishafika 67. Mke akidai mapema, nayo hupunguzwa.

Wengi huishia kwenye hesabu hiyo, kumbe nzito zaidi ni ya ujane. Mume akifariki, mjane aliyefikisha umri wake kamili hurithi kiwango cha marehemu badala ya chake. Ikiwa mume alisubiri hadi 70, mjane wetu atapokea 2,976 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Ikiwa alidai akiwa na 62, sheria humwekea mjane kikomo cha asilimia 82.5 ya fao kamili, yaani dola 1,980. Pengo ni karibu dola elfu moja kila mwezi, na huenda likadumu miaka mingi, kwa sababu wanawake kwa wastani huishi zaidi ya wanaume, na mara nyingi mke ndiye mdogo kwa umri.

Husemwa kwamba ukisubiri ukafa, pesa zako zimepotea. Kwa mwenye mke si kweli. Mume akifariki kabla ya kudai, mjane atahesabiwa fao kamili la marehemu pamoja na nyongeza ya muda aliokwisha kusubiri baada ya 67. Husemwa pia kwamba anayesubiri hadi 70 hurudisha alichokikosa akiwa na miaka 80 na kitu. Kwa mfano wetu ni kweli, lakini hesabu hiyo inatazama uhai wa mtu mmoja. Kwa wanandoa, fao kubwa hulipwa mpaka wa mwisho kati yao aondoke.

Kwa mhamiaji kuna jambo jingine. Fao hukokotolewa kwa miaka 35 yenye kipato kikubwa zaidi. Aliyefika Marekani akiwa na miaka 40 akaacha kazi akiwa na 62 ana miaka 22 tu, na mingine 13 huandikwa sifuri. Kila mwaka anaoendelea na kazi hufuta sifuri moja.

Si kila nyumba inaweza kusubiri. Ugonjwa mzito kwa wote wawili, mgongo uliochoka kwa kuinua wagonjwa, au kukosa akiba kabisa ni sababu za kweli za kudai mapema. Njia ya kati huzifaa familia nyingi: mwenye fao dogo aanze mapema ili nyumba ipate pa kushikia, mwenye fao kubwa asubiri kadiri afya na mfuko vinavyoruhusu. Na aliyetalikiwa asijitoe kwenye hesabu. Ndoa ikiwa ilidumu miaka 10, anaweza kudai kupitia rekodi ya mtalaka wake, mradi hajaolewa au kuoa tena, bila kumpunguzia chochote.

Sheria haimdai mume saini ya mkewe kabla ya kuomba fao lake. Anaweza kulimaliza jambo hili peke yake, na mke akajua athari yake akiwa mjane, wakati halirekebishiki tena. Anayegundua kuwa aliharakisha ana miezi 12 tu ya kufuta ombi, na sharti arudishe kila kilicholipwa. Kwa hiyo bwana na bibi wafungue taarifa zao zote mbili za mafao mezani kabla ya mmoja kufikisha miaka 62, wapige hesabu ya kuishi wawili, kisha ya kubaki mmoja. Hiyo ya pili ndiyo iamue.