Maji kwenye moyo na dawa ya kulegeza misuli

Wapo jamaa wa wagonjwa wanaokasirika daktari anapokataa kumlaza mgonjwa wao usingizi kamili, akasema atamchoma ganzi tu kifuani. Wanaona amepunjwa. Lakini mgonjwa mwenye maji mengi kuzunguka moyo si sawa na mgonjwa wa ngiri.

Moyo umo ndani ya kifuko, na kifuko hicho kwa kawaida kina maji kidogo tu ya kulainisha, mililita 15 hadi 50. Huzidishwa na kifua kikuu, ambacho ndicho chanzo kikubwa huku kwetu Afrika, au saratani, figo zilizoshindwa kazi na jeraha la kifua. Yakiongezeka polepole kifuko hutanuka hata kubeba lita nzima. Yakija ghafla, mililita 200 zaweza kuua, kwani moyo hubanwa ukakosa nafasi ya kujaa damu.

Dawa za kulegeza misuli asili yake ni kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini, iliyoingizwa katika upasuaji mwaka 1942 mjini Montreal, Kanada. Dawa hizi hazimlazi mtu usingizi. Humlegeza, na misuli ya kupumua nayo husimama, hivyo lazima mashine impumulie.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu anapovuta pumzi mwenyewe, kifua huvuta hewa, na papo hapo huivuta damu irudi moyoni. Mashine husukuma hewa kwa nguvu, na msukumo huo huizuia damu kurudi. Moyo uliokwisha kubanwa hukosa hata ile kidogo. Presha huporomoka, na moyo waweza kusimama mezani.

Kwa hiyo maji hutolewa kwanza kwa sindano na ganzi, mgonjwa akiwa ameegemea. Ikilazimu alale, hupewa dawa kama ketamini inayomwachia pumzi zake, tena kifua kimekwisha safishwa na mpasuaji amevaa glovu tayari. Dawa ya kulegeza hungoja kifuko kifunguliwe.

Nanyi mwambieni mtaalamu wa usingizi kila kitu: kwamba hulala ameketi, huzimia akisimama, au aliwahi kutibiwa kifua kikuu, jambo ambalo wengi hulificha kwa aibu isiyo na maana. Na vile vidonge vya kukojosha vya kuazima kwa jirani mwenye presha asipewe, maana hupunguza damu inayoujaza moyo.