Ndai Yako Inakula Belti ya Taiming Kila Saa? Usilaumu Belti Pekee

Kama unaendesha Subaru ya kitambo, zile Forester na Legacy za injini ya EJ20, belti ya taiming inafaa kukusukuma karibu kilomita 100,000. Sasa yako umebadilisha mara mbili ndani ya mwaka na fundi bado anakuambia "hiyo ilikuwa feki"? Inaweza kuwa feki, ndio. Lakini mara mingi kuna kitu kingine huko ndani kinaiua.

Fundi asitupe ile ya zamani. Ishike, uisome hivi:

Imelowa oili. Sili ya kamshafti ama krankshafti inavuja. Oili hulainisha raba, meno yanaanza kutoka. Ukiweka belti mpya na uache sili mbovu, hiyo ni doh umemwaga.

Imelika upande mmoja. Kuna pulei imekaa vibaya, ama beringi ya pampu ya maji imelegea. Kwa EJ20, belti hii ndiyo huzungusha pampu, so pampu ikichoka, belti ndiyo inaumia.

Meno yamenyofoka mahali pamoja. Kuna kitu kilikwama. Injini ikiwa imezimwa na belti iko nje, mwambie fundi azungushe kila pulei na mkono. Ikikwaruza ama ikicheza, hiyo imeisha.

Belti iko poa lakini taiming imeruka. Shuku tensiona. Ikikosa nguvu, belti inalegea na kuruka jino, hasa ukiwasha gari.

Imekatika straight kama imepitishwa makasi. Huenda ilikunjwa vibaya kabla ya kufungwa. Nyuzi za ndani zikivunjika, haina maisha.

Mbona usumbuke hivi? Kwa EJ20 nyingi, belti ikikatika ukiwa kwa barabara, pistoni zinagonga valvu na kuzipinda. Hapo si story ya belti tena, ni kufungua hedi, na hiyo bili ni noma.

So ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, usinunue belti pekee yake. Chukua na pulei, tensiona, pampu na sili, zote mpya. Tensiona ya mitumba inaweza kukurudisha garage mapema kuliko unavyofikiria. Halafu andika tarehe na kilomita kwa karatasi, ubandike ndani ya boneti. Fundi akisema tena ni feki, utakuwa na kitu ya kumuonyesha.